Masafa, Muda na Saa: Safari ya Ndege Baina ya Nairobi na New York

Utangulizi

Neno 'saa' katika Kiswahili hubeba maana zaidi ya moja. Ni chombo cha kupimia wakati. Ni kipimo cha muda wa dakika 60. Tena ni nukta mahususi katika siku, kama vile saa saba mchana. Mkanganyo wa maana hizi hudhihirika bayana katika safari za ndege, na aghalabu humgharimu msafiri. Makala haya yanazibainisha kwa kurejelea safari ya moja kwa moja baina ya Nairobi na New York, ambayo Shirika la Ndege la Kenya liliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018.

Masafa na Muda

Masafa baina ya miji hii ni takribani kilomita 11,800, yakipimwa kwa njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Masafa hayo hayabadiliki, ila muda hubadilika. Kwenda huchukua takribani saa 15, ilhali kurudi huchukua takribani saa 14. Sababu kuu ni upepo mkali wa anga za juu uvumao kutoka magharibi kuelekea mashariki: huikabili ndege iendayo Marekani na kuisukuma inaporejea.

Saa za Mahali

Tiketi huonyesha saa za kila mji. Mwezi wa Januari, New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Mathalani, ndege ikiondoka Nairobi 23:00, itatua New York 06:00 siku ifuatayo. Anayetegemea tiketi pekee atadhani safari ni ya saa saba tu! Ikiondoka New York 12:00 adhuhuri, itatua Nairobi 10:00 kesho yake. Hapo hesabu hiyo hiyo hutoa saa 22. Zote mbili zinapotosha. Hata hivyo, 7 na 22 zikijumlishwa ni 29, sawa na 15 na 14, kwani saa nane zilizopungua wakati wa kwenda huongezeka wakati wa kurudi.

Saa za Kiswahili

Fauka ya hayo, Kiswahili huhesabu saa tangu macheo na machweo. Hivyo basi, 23:00 ni saa tano usiku, na 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Msafiri akiambiwa kuwa ndege ya 06:00 huondoka 'saa sita', atawasili uwanjani adhuhuri na kukuta imekwisha kwenda zake.

Hitimisho

Ni wajibu wa mfasiri na mwalimu kutenganisha dhana hizi. 'Muda wa saa saba' ni kipimo. 'Saa saba mchana' ni nukta. 'Saa saba' pekee haitoshi.

Zoezi: Mwezi wa Julai, New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa saba. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku na kusafiri kwa muda wa saa 15, itatua saa ngapi za huko, kwa hesabu ya Kiswahili? (Jibu: saa moja asubuhi.)