Somo la Tisa: Fedha Zetu na Mkutano wa Kijiji



Katika masomo yaliyopita ulijifunza kusoma barua, kuandika jina lako na kutia sahihi kwenye stakabadhi. Katika somo hili utatumia elimu hiyo mahali ambapo wengi wetu huisahau. Mahali hapo ni kwenye mkutano wa kijiji.

Soma polepole. Ukikutana na neno gumu, tazama orodha ya maneno mwishoni mwa somo.

1. Chumba cha akina mama

Katika kijiji kimoja ninachokitembelea kwa kazi yangu, ipo zahanati ndogo yenye vyumba viwili. Zahanati hiyo haikuwa na chumba cha kujifungulia. Mama akishikwa na uchungu alipelekwa kijiji cha pili, ng'ambo ya mto. Wakati wa kiangazi safari hiyo ilikuwa ndefu. Wakati wa masika, mto ulipojaa, haikuwezekana kabisa.

Wanakijiji walikutana. Waliamua kujenga chumba cha akina mama kwa nguvu zao. Kila kaya ilitoa shilingi 5,000. Kaya zilikuwa 120. Vijana walichimba msingi, na akina mama walisomba maji na mawe. Kila mtu alifurahi.

Baada ya miezi mitatu, hesabu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi ya kijiji. Ilisomeka hivi:

MAPATO
Michango ya kaya 120: sh. 600,000
Kodi ya shamba la kijiji: sh. 150,000
Salio la nyuma: sh. 50,000
Jumla: sh. 800,000

MATUMIZI
Saruji, mifuko 20: sh. 360,000
Mchanga, tripu 6: sh. 240,000
Fundi: sh. 120,000
Jumla: sh. 720,000

Salio: sh. 80,000

Watu wengi walipita mbele ya ubao huo. Waliona karatasi, wakaendelea na safari zao. Lakini mama mmoja wa darasa letu la kisomo alisimama. Alifuata mistari kwa kidole, kama tulivyozoea darasani. Alipofika kwenye mchanga akarudia kusoma. Nyumba yake iko jirani na zahanati, na kila trekta lilipokuja kumwaga mchanga yeye alikuwepo. Alikuwa amehesabu tripu 4. Ubao ulisema tripu 6.

Mama huyo hakupiga kelele, wala hakwenda kusema kisimani kwamba viongozi ni wezi. Alisubiri mkutano wa kijiji. Siku ilipofika alinyoosha mkono, akasema:

"Ndugu Mwenyekiti, ninaomba kuuliza. Ubao unasema tripu sita za mchanga. Mimi nimeona nne. Hizo mbili ziko wapi?"

Mkutano ulinyamaza. Mwenyekiti alimwomba Mtendaji alete stakabadhi, naye akazileta. Ilionekana kwamba tripu 6 zililipiwa kwa mkupuo mmoja, lakini mwenye trekta alileta 4 tu, na hakuna aliyefuatilia. Mkutano uliamua kwamba mwenye trekta alete mchanga uliobaki. Uliamua pia kwamba tangu siku hiyo mali yote ipokewe na watu wawili, na wote watie sahihi. Uamuzi huo uliandikwa. Juma lililofuata tripu mbili zilikuja.

Fikiri, ndugu msomaji. Tripu mbili ni shilingi 80,000. Hiyo ni michango ya kaya 16. Kama mama yule asingejua kusoma, jasho la kaya 16 lingepotea. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari peke yake halitoshi. Lazima awepo wa kulisoma.

2. Mkutano wa kijiji ni nini?

Serikali za mitaa katika nchi yetu zilivunjwa mwaka 1972. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba huduma nyingi zinadorora wananchi wanapokuwa mbali na maamuzi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1982, na mwaka 1984 halmashauri zilianza kazi tena.

Kwa sheria hiyo ya mwaka 1982, kijiji kina vyombo viwili vikubwa.

Cha kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Tajiri na maskini, mwanamke na mwanamume, wote ni wajumbe sawa. Hiki ndicho chombo chenye kauli ya mwisho kuhusu mambo makubwa ya kijiji. Kinapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu.

Cha pili ni Halmashauri ya Kijiji. Hii ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, nao huchaguliwa na wanakijiji. Halmashauri hupanga kazi na kuzisimamia. Mwenyekiti wa Kijiji ndiye anayeiongoza. Afisa Mtendaji wa Kijiji ndiye katibu. Yeye huandika muhtasari na kutunza vitabu.

Halmashauri ni mtumishi wa mkutano. Hata ardhi ya kijiji iko hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji inaisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu.

Kwa hiyo mtu anayesema, "Mimi siendi mkutanoni, hayo ni mambo ya viongozi," amejivua ujumbe wake mwenyewe.

3. Fedha hutoka wapi?

Huduma za kijiji hulipiwa kwa fedha za namna tatu.

Kwanza, fedha za kijiji chenyewe. Hizi ni kama michango iliyokubaliwa na mkutano, au kodi ya shamba au jengo la kijiji.

Pili, fedha za Halmashauri ya Wilaya. Hizi hutokana na ushuru wa mazao, leseni na ada mbalimbali. Zamani ilikuwepo pia kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Tatu, ruzuku kutoka Serikali Kuu. Sehemu kubwa ya fedha za wilaya hutoka huko. Mishahara ya walimu na waganga hulipwa kwa njia hii.

Sasa turudi kwenye chumba cha akina mama. Wanakijiji wanaweza kujenga msingi na kuta. Lakini mkunga, vitanda na dawa havitoki kwenye michango ya shilingi 5,000. Hivyo huombwa wilayani. Ndiyo maana katika nchi yetu utaona maboma mengi: kuta zimesimama, bati hakuna, na majani yameota ndani. Mengine yalikwama kwa sababu fedha hazikutosha. Mengine yalianzwa kwa furaha, bila kuwauliza wale ambao wangeyamalizia.

Kuanza kujenga ni jambo jema. Lakini ni vema zaidi kuanza huku ombi lenu limekwisha kuandikwa na limekwisha kufika.

4. Uamuzi husafiri vipi?

Uamuzi wa kijiji hupanda ngazi.

Kwanza, watu wa kitongoji husema shida yao. Kisha Halmashauri ya Kijiji huandaa mpango, na Mkutano Mkuu huujadili. Mpango uliokubaliwa hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo. Kutoka kata, mipango hupelekwa wilayani. Huko wataalamu huipima, na Baraza la Madiwani hupitisha makisio ya fedha ya wilaya nzima.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Makisio huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Kijiji kinachosubiri mpaka Juni ndipo kiombe, kinakuwa kama mkulima anayepanda wakati wenzake wanavuna.

Zingatia jambo moja. Kinachopanda ngazi hizo ni karatasi. Makofi hayafiki wilayani, wala machozi ya mama aliyejifungulia njiani hayafiki. Kinachofika ni muhtasari, wenye tarehe, idadi ya waliohudhuria, uamuzi, na sahihi za mwenyekiti na katibu. Jambo lisiloandikwa kwenye muhtasari, wilayani huhesabiwa kuwa halikusemwa.

Diwani wenu naye hukaa pamoja na madiwani wa kata nyingine, na kila mmoja ana shida za watu wake. Fedha hazitoshi zote. Diwani mwenye muhtasari mkononi ana la kuonyesha. Asiye nao ana maneno matupu.

5. Mambo sita ya kufanya

(a) Kabla ya mkutano, soma tangazo. Jua siku, saa na mambo yatakayojadiliwa.

(b) Soma hesabu kwenye ubao. Jumlisha mwenyewe. Kama hesabu haikubandikwa, omba ibandikwe.

(c) Andika swali lako kwenye daftari. Swali lililoandikwa halisahauliki kwa hofu.

(d) Uliza kwa adabu, na uliza juu ya jambo: mchanga, saruji, tarehe. Usimtukane mtu. Swali la kweli lina nguvu kuliko tusi.

(e) Muhtasari wa mkutano uliopita unaposomwa, sikiliza sana. Kama uamuzi fulani haumo, sema kabla haujathibitishwa.

(f) Ukitoa mchango, dai stakabadhi. Itunze.

Na wewe kiongozi wa kijiji unayesoma somo hili, usiwaogope watu wanaouliza. Hesabu iliyo wazi inamlinda kiongozi mwaminifu. Mtendaji wa kijiji kile hakuwa ameiba mchanga. Lakini bila swali la yule mama angebaki na jina baya maisha yake yote.

6. Leo hii

Chumba kile sasa kimeezekwa. Muhtasari ulipelekwa katani, kisha wilayani, na mara mbili ulirudishwa kwa sababu haukuonyesha idadi ya waliohudhuria. Mara ya tatu ulikuwa kamili. Bati zikaja, kisha kitanda, na mwishowe mkunga. Mto bado hujaa kila masika, lakini mama mjamzito halazimiki tena kuuvuka.

Nilimwuliza yule mama kama aliogopa kusimama mbele ya watu. Alijibu, "Niliogopa. Lakini nilikuwa nimesoma mara tatu."

Nawe soma mara tatu, kisha simama.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mapato: fedha zinazoingia.
Matumizi: fedha zinazotoka.
Salio: fedha zinazobaki.
Makisio: hesabu ya fedha zinazotarajiwa kupatikana na kutumika.
Muhtasari: maandishi ya yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.
Ruzuku: fedha inayotolewa na Serikali kusaidia kazi fulani.
Stakabadhi: karatasi inayothibitisha kwamba fedha imelipwa.
Boma: jengo lenye kuta lakini halijakamilika.

MASWALI

1. Kwa nini mama wa kisomo alisimama mbele ya ubao?
2. Nani ni wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji?
3. Kwa nini muhtasari ulirudishwa mara mbili?
4. Jadilini darasani: Je, katika kijiji chetu kuna boma lililokwama? Lilikwama kwa sababu gani?

HESABU

1. Mifuko 20 ya saruji ilinunuliwa kwa sh. 360,000. Mfuko mmoja ni shilingi ngapi?
2. Kaya 95 zimetoa sh. 4,000 kila moja. Matumizi ni sh. 310,000. Salio ni shilingi ngapi?

KAZI YA NYUMBANI

Nenda kwenye ubao wa matangazo wa kijiji chako. Nakili hesabu utakayoikuta. Kama hakuna hesabu, andika tarehe, kisha andika: "Leo sikuona hesabu." Lete daftari lako darasani.