Ramani Ikikwambia Kata Kulia

Wadogo zangu mnaoanza kushika usukani, leo tuongee habari za ramani ya kwenye simu. Mnaniambia, "Dada, bila hiyo sifiki popote." Nawaelewa. Hata mimi naitumia, ila tumegawana kazi.

Masika moja, sauti ya simu iliniambia nikate kulia huko Goba, Dar es Salaam, nikwepe foleni. Nikakata. Mbele njia ikaishia kwenye korongo, giza linaingia, wanangu wamelala kiti cha nyuma. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenisaidia kugeuza. Simu haikudanganya: kwenye mchoro wake njia ile ipo. Haikujua tu kwamba mvua imeshaikata.

Simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 hivi, na huhitaji nne au zaidi ili ijue ulipo. Tope haioni. Ile rangi nyekundu ya foleni hutokana na mwendo wa simu za madereva wenzako, kwa hiyo kichochoro wanachopita wachache hukikisia tu. Jangwani kukijaa maji, waulize kwanza waliotoka huko.

Andika unakokwenda kabla hujaondoka, kisha itazame njia nzima uitaje kwa mdomo: Mwenge, Chuo Kikuu, Ubungo, Kimara. Ukiwa na alama hizo kichwani, ukipotezwa utashtuka mapema. Ramani ya mji ipakue ukiwa nyumbani, maana setilaiti hazidai bando; mchoro ndio unaolidai.

Simu ashike abiria wa mbele. Ukiwa peke yako, ipachike kwenye kishikio na usikilize sauti. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ukiinamia kioo cha simu kwa sekunde mbili, umeshapita mita zaidi ya 30 bila kuona mbele. Hapo ndipo mtoto anapovuka.

Na ikikwambia kata wakati hujajipanga, pita tu, itatafuta njia nyingine. Nimeona magari yakikata ghafla mbele ya pikipiki kwa kuitii sauti, na roho yangu haijatulia mpaka leo.

Ukiingiwa na shaka, nakusihi mdogo wangu, simama pembeni penye kijiwe, shusha kioo, salimia, uliza.