Somo la wiki: Ikikubali, isipokubali

Wanafunzi wetu wakubwa wa Louisville, Columbus na Buffalo wanasoma kompyuta shuleni, lakini wakirudi nyumbani hawana maneno ya kumweleza mama walichosoma. Leo tutayapata maneno hayo, na humo humo tutajifunza viambishi -ki- na -sipo-.

Maneno mapya

Msimbo: maandishi ya kuiagiza kompyuta. Wengine husema "kodi", lakini kodi ni ile ya nyumba, na mama atashtuka.
Kompaila: programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine.
Kuendesha: kuifanya programu ifanye kazi, kama tunavyoendesha gari.

Kusoma

Msimbo mmoja hupelekwa kwenye kompyuta za namna nyingi, na kila kompyuta ina vitu vyake. Kwa hiyo kabla ya kuunda programu, kompyuta huulizwa maswali: una kitu hiki? Unakijua kile? Programu nyingi huuliza kwa msaada wa Autoconf, kazi iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991. Autoconf hutengeneza faili iitwayo configure.

Configure haiamini maneno matupu, hujaribu. Huandika programu ndogo sana ya mistari michache na kuipa kompaila. Kompaila ikiikubali, jibu ni ndiyo. Isipoikubali, jibu ni hapana. Maswali mengine hayaishii hapo: programu ile ndogo lazima iendeshwe, tuone inatoa nini. Kuona sukari mezani si sawa na kuonja chai.

Kuna wakati kuonja hakuwezekani. Programu ya simu mara nyingi huundwa kwenye laptop, na laptop haiwezi kuionjea simu, kwa kuwa mashine zenyewe ni tofauti. Hapo mtu huipa configure jibu, au configure hukisia.

Mstari wa C

Wazazi wanakijua kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu. Kina mstari wa C na mstari wa T. Ukitokea C peke yake, malaria haikuonekana. C usipotokea, kipimo kimeharibika, na hatusemi mgonjwa ni mzima. Tunachukua kipimo kingine.

Configure nayo ina mstari wake wa C. Mapema kabisa huijaribu kompaila yenyewe kwa programu isiyofanya lolote. Ikishindwa hapo, husimama, haiendelei kuuliza.

Lakini maswali yanayofuata, moja moja, hayana mstari wa C. Mwanzoni mwa 2024 jambo hili lilionekana katika XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux. XZ huweza kuundwa pia kwa njia nyingine, CMake, ambayo nayo hujaribu kwa programu ndogo. Mtu aliyejiita Jia Tan aliweka nukta moja ndani ya programu ndogo iliyouliza kama kompyuta ina Landlock, uzio wa usalama wa Linux. Kwa nukta ile, kompaila ilikataa kila mara. Jibu likawa hapana hata pale Landlock ilipokuwepo, na programu ikaundwa bila uzio, kimya kimya.

Mtu huyo alikuwa pia ameficha mlango wa siri ndani ya XZ. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund aliutangazia ulimwengu, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kama nusu sekunde. Watu walipokagua kazi yote ya Jia Tan, nukta nayo ikaonekana.

Tunajifunza nini?

"Hapana" ina maana mbili: kitu hakipo, au swali limeharibika. Mwalimu aliyekulia Tanga akimuuliza mtoto wa familia ya Bukavu, "Mnakula kisamvu?", mtoto atasema hapana, na jana usiku amekula sombe. Ni majani yale yale ya muhogo. Wazazi, kabla hamjasema "huyu Kiswahili kimemtoka", liulizeni swali kwa njia nyingine. Nasi walimu tutafanya hivyo hivyo.

Sarufi

-ki- huonyesha sharti: *Kompaila ikikubali, tutaendelea.*
-sipo- ni ukanushi wake: *Kompaila isipokubali, tutatafuta sababu.*

Zoezi la nyumbani

1. Kamilisha: Kompaila (kataa) ______, jibu litakuwa hapana.
2. Kamilisha: Mstari wa C (kutotokea) ______, tutachukua kipimo kingine.
3. Mweleze mzazi kwa Kiswahili: kwa nini laptop haiwezi kuionjea simu?
4. Muulize mzazi au bibi majina mawili ya chakula kimoja, kama kisamvu na sombe. Andika sentensi moja kwa kila jina.
5. Mzazi: muulize mtoto swali moja. Akinyamaza, lirudie kwa maneno mengine, kisha andikeni pamoja kilichotokea.

Leteni madaftari Jumamosi, tutasahihisha pamoja.