Mafunzo Niliyopata Nikiorodhesha Vitabu Vilivyochanika

Vitabu ninavyoorodhesha hapa Naviundu, Lubumbashi, ni katekisimu, vitabu vya shule na makaratasi yaliyodurufiwa enzi mji huu ukiitwa Élisabethville. Vingi vimepitia misimu ya mvua chini ya mabati yanayovuja.

1. Kagua mikunjo kwanza, namba za kurasa baadaye. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa majani 8, yaani kurasa 16. Jani la 1 limeungana na la 8, la 2 na la 7, la 3 na la 6. Nikikuta la 6 linachezacheza kwenye uzi, natazama la 3. Mara nyingi limeng'olewa.

2. Kosa la mchapaji si jeraha la nakala. Namba zikiruka kutoka 48 hadi 51 lakini sentensi inaendelea vizuri, hakuna kilichopotea: nakala zote za chapa ile ziko hivyo. Soma sentensi inayovuka ukurasa ndipo uandike.

3. "Hali mbaya" haimwambii msomaji lolote. Naandika: "Haina ukurasa wa jina, kurasa 3–6 zimeng'olewa, kona ya chini ya kurasa 41–42 imeliwa na mchwa, maneno yamepotea." Aliye Bukavu au Bruxelles atajua kama safari inamfaa. Kijana anayenisaidia aliwahi kuniambia, "Papa, ile buku ilikufa zamani, tuunguze tu." Nilimwomba anitafutie nakala nyingine Lubumbashi nzima. Hakuipata, na ile tunayo bado.

4. Makaratasi yaliyodurufiwa yana sheria zake, kama kazi ya André Yav inavyoonyesha. Mwaka 1965 Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa hapa, akisimulia maisha ya maboyi waliotumikia wazungu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 katika *History from Below*, ilibidi msaidizi wake Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo maana itoke, kwa jinsi maneno yalivyogawanywa na alama zilivyokosekana. Maandishi ya namna hiyo hayana mikunjo ya kukusaidia; ni karatasi moja moja zilizobanwa kwa pini zenye kutu. Nafuata maana tu, kutoka karatasi hadi karatasi. Jina la kazi nalinakili herufi kwa herufi, wala sitii koma ambayo mwandishi hakuitia. Kumnyoosha Yav ni kumnyang'anya sauti yake.

5. Ukijaza pengo kwa fotokopi ya nakala nyingine, iandike fotokopi hiyo na ilikotoka. Hesabu za soko zilizo nyuma ya jalada usizifute, ziorodheshe pia.