Somo la 12: Chumba cha Mgeni

Jambiani ni kijiji cha pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Watu wake ni wavuvi na wakulima. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko, na katika kijiji jirani cha Paje, mwaka 1989. Siku hizi ipo kazi nyingine pia. Baadhi ya wenyeji hulaza wageni kwa malipo. Mgeni hupewa chumba, na asubuhi hupewa chai.

Mgeni wa namna hii hatafuti jumba la ghorofa. Anataka vitu vichache, lakini viwe sawasawa. Anataka kitanda kizuri, shuka safi na chandarua kisichotoboka. Anataka mlango wenye kufuli, choo safi na maji ya kuoga. Asubuhi hufurahi akipata chakula cha wenyeji: chai ya tangawizi na iliki, chapati, mayai na papai.

Kazi hii yaonekana nyepesi. Je, ni nyepesi kweli? Tusome kisa hiki cha kufundishia.

Palikuwa na mama mmoja, mkulima wa mwani. Alikuwa na nyumba ya mawe yenye paa la makuti. Alipata leseni ya Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, akatengeneza chumba kimoja. Bei yake ilikuwa shilingi 60,000 kwa usiku.

Wageni wa kwanza, mtu na mkewe, walikuja mwezi wa Julai, wakati wa kusi. Walilala siku tatu, wakalipa shilingi 180,000. Mama alifurahi sana. Alinunua kanga, akachangia harusi, akalipa madeni ya dukani. Fedha ikaisha. Wageni wengine wakaja, naye akafanya vile vile.

Mwezi wa Aprili mvua za masika zilikuwa nyingi. Wageni wakaadimika. Makuti yalikuwa yameoza, paa likavuja, godoro likaloa. Mama hakuwa na fedha ya kununua makuti mapya.

Siku hizo akaja mtu aliyetaka kununua nyumba na minazi. Alikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Akasema, "Bibi, tia dole gumba hapa tu, shida zako zitakwisha."

Lakini mama alikuwa amesoma kisomo. Akajibu, "Mimi sitii dole. Najua kuandika jina langu. Ila kwanza nitasoma."

Alisoma polepole, mstari kwa mstari. Akaona karatasi inataja nyumba, minazi na kisima. Katika mazungumzo yao kisima hakikutajwa kabisa. Akasema, "Niachie karatasi hii, nishauriane na ndugu zangu." Yule mtu hakukubali. Alichukua karatasi yake, akaenda zake.

Jioni mtoto wa kaka yake alikuja na daftari.

"Shangazi, fedha ya wageni inakwenda wapi?"

"Sijui, mwanangu. Inaingia mkono huu, inatoka mkono huu."

"Basi tuiandike."

Wakaandika hesabu ya wale wageni wa kwanza:

Fedha iliyoingia
Chumba, siku 3: sh. 180,000

Fedha iliyotumika
Chakula cha asubuhi: sh. 24,000
Maji na umeme: sh. 15,000
Sabuni na kufua: sh. 6,000
Aliyewaleta wageni: sh. 18,000
Msaidizi, siku 3: sh. 30,000
Kodi na ada: sh. 20,000
Jumla: sh. 113,000

Iliyobaki: sh. 67,000

Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe! Nilidhani zote 180,000 ni zangu. Na hizi 67,000 nazo, makuti na godoro havimo."

Tangu siku ile aligawa fedha iliyobaki mafungu mawili. Kwa wageni kama hao, fungu la nyumba na masika ni shilingi 27,000. Fungu la matumizi yake ni shilingi 40,000. Mama aliuza mwani wake, akanunua makuti. Julai ilipofika, chumba kilikuwa kikavu. Nyumba ni yake mpaka leo, na kisima ni chake.

Mambo ya kukumbuka

1. Andika kila fedha inayoingia na kila fedha inayotoka. Andika siku ile ile, usingoje kesho.

2. Andika jina la kila mgeni katika daftari la wageni, siku aliyofika na siku aliyoondoka.

3. Tunza kisima. Karibu na bahari, maji matamu hukaa ardhini juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Yakivutwa mno, maji ya chumvi hupanda, na kisima huharibika. Basi mwambie mgeni, kwa upole, asiache bomba wazi.

4. Choo kiwe mbali na kisima. Uchafu wa choo ukiingia katika maji, huleta kipindupindu na kuhara. Utawapata wageni, na utawapata watoto wako.

5. Mweleze mgeni desturi za kijiji siku ya kwanza. Ajisitiri anapopita mitaani. Mchana wa Ramadhani asile njiani. Akielezwa vizuri, hataona haya wala hatamtia mtu haya.

6. Usiache kazi yako ya zamani. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani, ndege za wageni zilisimama kwa muda. Aliyekuwa na shamba au ngalawa alikuwa na pa kushika.

Maswali

1. Kwa nini mama hakuwa na fedha mwezi wa Aprili?
2. Aliona nini katika karatasi? Ingekuwaje kama asingejua kusoma?
3. Wageni wamelala siku 5 kwa bei ile ile. Wamelipa shilingi ngapi?
4. Jadilianeni: katika kijiji chenu, ni kazi gani watu huhesabu fedha inayoingia, wakasahau inayotoka?