Mama, Padre na Mafuta Matakatifu



Likizo iliyopita nilipanda basi Mbeya kwenda Iringa kumwona mama. Saratani imemmaliza nguvu. Mwaka jana alikuwa analima mahindi, sasa hata kikombe cha uji namshikia. Nilipomwambia tumwite padre ampake mafuta, aligeukia ukutani: "Kumbe mwanangu umeshaona nakufa?"

Digrii yangu ya falsafa haikuwa na jibu, jamani. Nikanyamaza, nikaendelea kumnywesha uji.

Kesho yake nikamweleza taratibu. Tangu mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipendelea sakramenti hii iitwe Mpako wa Wagonjwa, maana si ya walio kufani tu. Soma Yakobo 5:14–15: mgonjwa mwenyewe ndiye anayewaita wazee wa Kanisa, kwa hiyo bado ana kauli. Na ugonjwa ukizidi, anaweza kupakwa tena. Usisubiri mzazi azimie ndipo ukimbilie parokiani.

Mama alifikiri kidogo. "Haya, mwite Jumamosi. Ila nioge kwanza, na wewe baba ufue hizi shuka."

Nikafua.