Somo la Jiografia: Tuufuate Mto Lowa



Darasani tunajua kueleza Ganges na Nile, na milima ya Himalaya tunaichora bila shida. Lakini tukiulizwa habari za Lowa, wengi tunanyamaza. Na ndio mto wetu!

Tusimame kwanza kwenye milima ya Masisi, juu ya Sake, pale penye malisho ya ng'ombe. Mvua inayoanguka upande wa mashariki inashuka mpaka ziwa Kivu, mita 1,460. Kutoka hapo maji yanapita Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanatokea mto Lukuga pale Kalemie, na mwisho yanafika Lualaba. Mvua ya magharibi inashika njia fupi: vijito vinaingia Oso na Lowa, vinapita Walikale, kisha Lualaba, kusini ya Ubundu. Basi matone mawili yaliyoachana juu ya kilima kimoja yanaweza kukutana tena pale Lowa inapomwagikia! Moja limezunguka maziwa mawili. Kutoka hapo ni Kisangani, mpaka bahari ya Atlantiki. (Ninyi wa Rutshuru musituulize, maji yenu mengi yanakwenda Nile.)

Njiani mambo yanageuka. Huku juu ni baridi, maharagwe, viazi na fromaji. Kule chini ni joto, mihogo, mawese na msitu mkubwa. Mukiona mto ni mwekundu kisha mvua, ule ni udongo wa milima tuliyokata miti yake kwa mashamba na makala.

Katika msitu ule anaishi ngagi wa nchi ya chini, ambaye hapatikani inchi ingine yoyote isipokuwa Kongo. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 mpaka kilomita za mraba 6,000, na sehemu yake inaingia Walikale. UNESCO iliiandika mwaka 1980 kuwa urithi wa dunia, na mwaka 1997 kuwa urithi ulio hatarini. Tangu miaka ya 1970 watalii walifika Tshivanga, karibu na Bukavu, kutazama ngagi hawa hawa wa nchi ya chini. Upande wetu wa Walikale nani alifika? Miaka ya 2000 ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya Kilambo, lakini zilifuata kasiteriti ya Bisie, si ngagi.

Tusiseme ni juu ya barabara mbaya tu. Vita vilianza Masisi mwaka 1993, vikapanuka mwaka 1996, na mwezi wa tatu 2025 vilifika Walikale-centre yenyewe. Walinzi wa hifadhi wameuawa, na wanyama waliliwa. Ngagi hawa walikadiriwa kuwa karibu 17,000 katika miaka ya 1990. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilisema 6,800.

Kazi ya nyumbani: kila mutu aulize wazee wa kwao kijito cha karibu kinaingia mto gani, halafu achore njia yake mpaka Lualaba. Anayekuta kijito kilichokauka aandike tangu mwaka gani.